Jiko Tulilojengewa na Makanika

Siku ya arobaini ya mama, sheikh alipokwisha kuaga na sufuria za kuazima kurudishwa kwa wenyewe, baba mkubwa alibaki ameketi kwenye mkeka akigeuzageuza kikombe kitupu. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yetu. Alikuja kutoka Rumonge kwa lori la mawese, kamio kama tunavyosema kwetu, kwa njia ambayo miaka ile ya vita watu waliisafiri huku midomo ikisoma dua. Sisi watoto wanne tuliketi mbele yake: mimi, kisha mdogo wangu wa kike ambaye tayari alikuwa anamzidi mama kimo, kisha mdogo wetu wa kiume, na kitinda mimba, msichana wa miaka sita, aliyekuwa amelala na kichwa chake mapajani mwangu.

"Nimeongea na shangazi yenu wa Uvira," alisema. "Huyu mutoto mwanaume ataenda kwake. Basichana babili nitabapeleka kwangu. We utabaki hapa uchunge nyumba, uendelee na garage."

Mdogo wangu wa kike aliniangalia, mimi nikaangalia mkeka.

"Musifikiri ni roho mubaya," akaendelea. "Nyumba ni chumba moja na salo. Huyu anakua." Alimwonyesha mdogo wangu wa kike kwa kidevu. "Mutalala wote pamoja mupaka lini? Na jiko iko nje, kati ya ua. Ile risasi ya juzi iliingia wapi? Si kwenye beseni? Na kama mutoto angekuwa ameinama pale?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Nyumba yetu ilikuwa kama nyingi za mtaa wetu wa Buyenzi: salo, yaani sebule, chumba kando yake, ua mdogo, choo pembeni. Jiko lilikuwa nguzo nne na kipande cha turubai. Vita tulivisikia zaidi kuliko kuviona. Risasi zilizopigwa milimani zilitufikia zikiwa zimechoka, zikianguka juu ya mabati kama maembe mabichi. Lakini risasi iliyochoka nayo inaua. Moja ilitoboa beseni la maharage wakati mdogo wangu wa kike ameingia ndani kuchukua chumvi. Tangu mama afariki tulikuwa tunalala sote wanne katika chumba kile kimoja, chini, mbali na dirisha, na mimi mwenyewe nilijua kwamba haiwezi kuendelea hivyo.

"Baba mukubwa," nikasema, "na kama bakipata chumba yao?"

"Chumba inatoka wapi?"

"Nitajenga. Nyuma, kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Chumba ya basichana, na jiko ya kushikana na nyumba, mutu anatoka salo anaingia jiko bila kupita nje."

Alicheka kidogo, si kwa dharau. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeacha shule mwaka uliotangulia, mama alipoanza kuugua, nikaenda kunyoosha bodi za magari katika garage alimofanya kazi baba kabla hajatoka siku moja kwenda kutengeneza lori bara na asirudi. Mikono yangu ilijua nyundo. Udongo sikuujua.

"Mupaka Iddi ya kuchinja," baba mkubwa alisema hatimaye. "Nitakuja kuchinjia hapa. Nikikuta chumba iko na mulango yenye kufunga, na jiko yenye mutoto anaweza kupika bila kuogopa, tutaongea. Nisipokuta, usinililie."

Asubuhi alirudi Rumonge. Mdogo wangu wa kike alisubiri mpaka mlango umefungwa, ndipo akaniuliza, "Kaka, unajua kujenga?"

"Apana."

"Basi vizuri," akasema, akaenda kufagia nyuma ya nyumba, pale chumba kingesimama.

Kwanza ilitubidi kumwomba jirani. Nafasi ya nyuma ilikuwa nyembamba, na bila kuegemeza paa kwenye ukuta wake, ambao ulikuwa wa matofali ya kuchoma na imara kuliko kitu chochote chetu, kazi isingewezekana. Kwa desturi ya mtaa wetu huwezi kuegemea ukuta wa mtu kwa kumwambia tu njiani. Unavaa vizuri, unakwenda na sukari, unaketi, unaulizia afya ya kila mtu, na neno la ukuta linakuja mwishoni kana kwamba umelikumbuka sasa hivi. Jirani alikuwa bibi mjane aliyeuza maandazi. Alinijua tangu nilipobebwa mgongoni. Nilipofika kwenye neno la ukuta alikuwa ameshaifungua sukari na kuionja.

"Unajenga jiko," alisema. "Kijana mwanaume. Unatafuta muke ao unatafuta sufuria?"

"Ni ya badogo zangu, bibi."

"Najua. Nasikia yote, ukuta ni moja." Akajifuta vidole. "Egemea. Lakini sikiliza vizuri. Mi moshi yangu inanitosha. Bomba ya jiko yenu ipande juu, ipite paa yangu. Ndazi zangu zikinuka moshi ya maharage yenu, nitakuja kuvunja na hii mikono."

Nikaahidi. Sikujua kwamba ahadi ile ya bomba refu ndiyo itakayotuletea taabu.

Matofali tuliyafanya wenyewe. Saruji ilikuwa imepotea mjini kwa sababu ya ambargo, vikwazo walivyotuwekea majirani, na ile iliyoonekana ilikuwa ya watu wa Mutanga Nord, mtaa wa wakubwa, si ya kwetu. Tulichimba udongo kwenye kona ya ua, tukachanganya na majani makavu yaliyokatwakatwa, na mdogo wangu wa kiume pamoja na kitinda mimba wakawa mashine yetu ya kukanyaga. Walikanyaga wakiimba nyimbo za madrasa, matope yakiwafika magotini, na mdogo wangu wa kike akiwapigia kelele wasisukumane. Kalibu ya mbao niliitengeneza mwenyewe. Tofali la kwanza lilitoka limepinda kama mkate uliokaliwa. Tuliliweka pembeni, na kwa muda mrefu kitinda mimba alilitumia kama kiti.

Mvua ikaja kabla yetu. Niliondoka garage siku moja mbingu zikiwa nyeusi upande wa ziwa, nikakimbia, na nilipofika nyumbani nikakuta watatu wale wamesimama kuzunguka matofali wakiwa wameshika lile turubai la jiko, kila mmoja na pembe yake, na pembe ya nne imefungwa kwenye mti wa papai. Maji yalikuwa yakimiminika migongoni mwao. Nusu ya matofali ilikuwa imeshakuwa uji.

"Yaliyo hai ni hapa chini!" mdogo wangu wa kike alinipigia kelele. "Usikanyage!"

Tulianza tena. Nilikuwa nikirudi kutoka garage na kujenga mpaka saa ya kuvrefe, amri ya kutotoka nje usiku, ilipokaribia, saa ambayo mtu akionekana njiani haulizwi swali. Ndani ya ua hakuna aliyetukataza, lakini sauti ya nyundo jioni iliwatia majirani wasiwasi, basi niliacha.

Kuta zilipofika kifuani mwangu akaja mtu na mkokoteni. Alikuwa na mabati. Mengi, mazuri, mapana, na kwa bei ambayo ilinifanya nisogee karibu. Yalikuwa na matundu ya misumari. Nikauliza yametoka wapi.

"Yametoka kwa mutu mwenye hayamufai tena," alisema.

Nilipogeuza bati la tatu nikaona namba ya kiwanja imeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono, na chini yake mtoto fulani alikuwa amejaribu kuinakili ile namba kwa mkaa. Kila mtu mjini alijua mitaa ipi ilikuwa imebomolewa na watu wake kufukuzwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa nyuma yangu. Aliona nilichoona, lakini yeye pia alikuwa ameona matofali yakiyeyuka.

"Kaka, mvua," alisema polepole.

"Siwezi."

"Tusiponunua sisi, mwengine atanunua. Hiyo nyumba haitasimama tena."

"Anunue huyo mwengine."

Yule mtu alicheka, akaondoka na mkokoteni wake ukilialia. Mdogo wangu hakuongea nami jioni ile wala asubuhi iliyofuata. Sikumlaumu. Chumba kilikuwa chake, na Rumonge ni yeye ambaye angepelekwa. Lakini sikuweza kufikiria kumlaza chini ya namba ile.

Nilimweleza bosi wangu wa garage, mzee mnene tuliyemwita Patro kama garage zote zinavyomwita mwenye mali. Aliyajua maneno ya baba mkubwa, maana nilimsimulia kesho yake ya arobaini. Alinisikiliza huku kichwa chake kikiwa ndani ya injini.

"Pipa ziko ngapi pale nyuma?" aliuliza.

"Nyingi."

"Na we kazi yako hapa ni nini?"

"Kunyoosha bati."

"Sasa unalia nini?"

Yalikuwa mapipa ya oli yaliyozeeka, mengine yana kutu chini, yaliyotupwa kwa miaka. Tuliyakata kwa patasi, tukayafungua, tukayanyoosha kwa nyundo juu ya sakafu mpaka yakalala kama karatasi. Kelele ilikuwa kubwa hata muadhini alituma mtu kuuliza kama tunaweza kungoja mpaka adhana iishe. Mafundi wengine walianza kwa kunicheka, kisha mmoja akaja na nyundo yake, kisha mwingine. Tangu siku ile ujenzi haukuwa wangu tena. Ulikuwa wa garage.

Nasema hivyo kwa shukrani, lakini mtu aelewe ni watu gani walionijengea. Walikuwa watu wa magari tangu utoto. Walipotakiwa kutoboa ukuta wa nyuma wa salo ili tupate mlango wa kuingilia jikoni, hawakutafuta mbao ya kuwekwa juu ya mlango. Walileta kipande cha shasi ya lori, watu wanne wakakibeba begani kupita mtaani, na watoto nyuma yao wakiuliza lori lenyewe liko wapi. Nilipoanza kuupiga ukuta ule, ukuta wa baba, mkono wangu ulisita. Patro aliniona. Alichukua nyundo, akapiga pigo la kwanza yeye, kisha akanirudishia. Vumbi lilipotulia tuliona mwanga wa upande wa pili, na kitinda mimba akapita tunduni akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka akazuiwa.

Mlango wa chumba cha wasichana ulikuwa ubavu wa gari dogo la mizigo, na kitasa chake chenyewe, na komeo nililolichomelea kwa ndani. Ulikuwa wa rangi ya buluu. Ukiufunga ulilia *klap*, kama mtu anayeanza safari. Dirisha lilikuwa dogo na juu sana, kwa sababu ya risasi.

Likabaki jiko. Mafiga ya udongo tuliyajenga kwa kimo cha kiuno ili mdogo wangu asiiname, na juu yake tukaweka nusu ya pipa kama kofia ya kukusanya moshi. Likabaki bomba, lile refu la ahadi. Fundi wa kuchomelea, mtu mfupi mwenye kelele ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua, alisema tumwachie yeye. Siku mbili kabla ya Iddi alipanda juu ya paa na bomba la moshi la lori, zima, limepakwa rangi ya fedha. Alilishusha kupitia tundu la paa, akalichomelea kwenye kofia, akalifunga na ukuta wa bibi kwa vyuma. Lilipita paa la bibi kwa zaidi ya urefu wa mkono. Mtaa mzima ulitoka kulitazama. Bibi mwenyewe alilitazama akasema, "Sasa mukoje? Munakwenda wapi na hii nyumba?"

Mdogo wangu wa kike aliwasha moto wa kwanza. Sisi tulisimama uani, Patro, mafundi na mimi, tukiangalia ncha ya bomba kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani.

Hakikutoka kitu.

Kisha moshi ukatoka kwenye mlango mdogo wa jiko wa kutokea uani. Kwanza kidogo, kisha wote, na ndani yake mdogo wangu, anakohoa, machozi yanamtiririka, na kijiko cha mti mkononi.

"Muko mumenijengea kamio!" alipiga kelele. "Mi niliomba jiko!"

"Ongeza moto," fundi wa kuchomelea alisema. "Iko baridi. Gari yoyote asubui inasumbua."

"Njoo uongeze we!"

Aliingia, akaongeza, akatoka akikimbia. Mtu mmoja akashauri tupulize kwa chini. Mwingine akasema upepo wa ziwa unarudisha moshi. Patro alikuwa anaangalia juu, pale katikati ya bomba palipovimba kama tumbo la nyoka aliyemeza kuku.

"We," alimwita fundi wa kuchomelea. "Silansie ulitoa?"

"Nitoe silansie?"

Silansie ni lile boksi linalomeza kelele za injini. Limejaa vyumba na matundu madogo, na moshi wa gari unapita humo kwa sababu unasukumwa kwa nguvu. Moshi wa kuni hausukumwi na mtu. Lakini katika Buyenzi gari lisilo na silansie ni aibu ya fundi wake, na yule bwana hakuwahi kufunga bomba bila silansie maisha yake yote. Hata wazo la kulitoa halikumjia.

"Jiko inanguruma?" Patro alimuuliza.

"Apana, Patro."

"Sasa inanyamazishwa nini?"

Tulicheka. Hata mdogo wangu alicheka, kwa uchungu, akijifuta macho kwa kanga. Patro alikuwa ametuma msumeno uletwe wakati tuliposikia hodi mlangoni. Alikuwa baba mkubwa. Lori lake lilipata nafasi mapema kwenye msafara unaolindwa na askari, na hakutaka kungoja mwingine. Alisimama pale na bidoni, dumu la mawese, mkononi, moshi ukimzunguka kichwani, akatutazama sote mmoja mmoja.

"Nyumba inaungua?" aliuliza.

"Apana, baba mukubwa," nikasema. "Ni jiko."

Mafundi waliaga haraka kuliko nilivyowahi kuwaona wakifanya jambo lolote. Patro peke yake alibaki kumsalimu, na hata yeye aliniacha na maneno haya tu: "Kesho tutakata. Mueleze."

Lakini nimweleze nini? Nilimwonyesha chumba. Alishika mlango wa buluu, akaufunga, akaufungua, akajaribu komeo kwa ndani. Akagonga kuta. Akaangalia dirisha, akapima kwa mkono jinsi lilivyo juu, akaguna. Kisha akaenda jikoni, akasimama chini ya kile kipande cha shasi, moshi ukamfika usoni, akarudi nyuma akikohoa.

"Chumba ni chumba," alisema. "Lakini hii… Mi niliomba jiko, sikuomba tanuru."

"Kesho bomba itakatwa."

"Kesho." Alilirudia neno lile bila hasira, na ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza.

Milio ilianza wakati huohuo, mchana bado, kutoka upande wa milima. Kwanza mbali, halafu karibu, halafu ile sauti ya kitu kinachoanguka juu ya mabati ya mtu mwingine. Mdogo wangu wa kiume alifunga mlango wa mbele, kitinda mimba alikwenda mwenyewe kulala kwenye kona yake, na mimi nikamshika baba mkubwa mkono nikamkalisha chini. Mdogo wangu wa kike aliingia jikoni.

"Anaenda wapi huyu?" baba mkubwa aliuliza.

"Kupika. Wali iko motoni."

"Na hiyo moshi?"

"Moshi iko juu, baba mukubwa!" ilijibu sauti kutoka ndani. "Huku chini kuko hewa. Na ukuta iko!"

Ilikuwa kweli. Mlango mdogo wa uani uliachwa wazi kidogo, na moshi ulikuwa unaning'inia kuanzia kifuani kwenda juu, mnene kama pamba, na chini yake hewa ilikuwa safi. Sisi tulikuwa watu waliozoea kuishi chini. Alipika akiwa amepiga magoti juu ya tofali, akiinua mkono tu kukoroga sufuria, akiinama kuvuta pumzi, akiinua tena. Kulipolia mlio wa karibu sana hata kijiko hakikusimama. Siku ya beseni la maharage hakuthubutu kutoka tena uani, akaacha chakula kikaungua. Baba mkubwa alimtazama kupitia tundu la mlango kwa muda mrefu.

Tulikula wali na ndagala, dagaa wa ziwani, tukiwa tumeketi sakafuni, watano, vichwa chini ya moshi. Baba mkubwa machozi yalimtoka, na sikuweza kujua ni ya nini.

"Na we unasemaje?" alimuuliza mdogo wangu wa kike ghafla. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza mpaka siku ile. Hata mimi. "Rumonge kuko samaki. Kuko binamu zako. Risasi si nyingi kama huku."

Alimeza kwanza. "Rumonge naipenda, baba mukubwa. Na nyumba yako naipenda."

"Lakini?"

"Lakini hapa, ikianza kulia hivi, ninajua kila mutu amelala wapi. Huyu pale, huyu pale, kaka kwenye mulango. Kule ikianza nitauliza nani? Redio?"

Baba mkubwa aliacha tonge katika sahani.

"Na huyu kaka," akaongeza, kwa sauti nyepesi zaidi, "ukimuacha peke yake atakufa njaa. Anaunguza hata maji."

"Ni kweli?" baba mkubwa aliniuliza.

"Mara moja tu," nikasema.

Mdogo wetu wa kiume alicheka mpaka wali ukamtoka. Huko nje milio ilikuwa imeanza kurudi nyuma, kama mvua inayohama. Baba mkubwa alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Mi nilikuwa naogopa," alisema, na alikuwa anaongea na sakafu. "Baba yenu alienda, sikumuzuia. Mama yenu aliuguwa, nilikuja nimechelewa. Nikasema hawa nibakusanye, nibaweke mahali naweza kubaona. Nikasema nikibaacha hapa na kitu kikatokea, nitamujibu nini ndugu yangu?" Akajifuta mikono. "Nilimwambia mwenye kamio anichungie nafasi tatu za kurudi. Zile mbili nitamwambia apakie chumvi."

"Na mi?" mdogo wetu wa kiume aliuliza. "Uvira?"

"We utaenda Uvira likizo, kama njia ikipona. Mutu hagawi vidole vya mukono moja."

Hakutukumbatia wala hatukulia. Alitandika mkeka wake salo, akauliza kibla ni upande gani sasa ukuta umetobolewa, ingawa ukuta hauhusiani kabisa na kibla, akaswali.

Patro na watu wake walikuja asubuhi kama alivyosema. Fundi wa kuchomelea aliikata silansie kwa mikono yake mwenyewe, uso ameukunja kama mtu anayemkata ng'ombe wake mguu, akaunganisha bomba tupu mahali pake. Moshi ukapanda moja kwa moja, ukapita paa la bibi, ukaelekea ziwani. Bibi alitoka kunusa maandazi yake, akaridhika, akatutumia kumi na mawili. Baba mkubwa alichinja siku ya Iddi uani kwetu, nyama ikapikwa katika jiko lile, na mafundi wote wakaja kula. Sikumsikia hata mmoja wao akitaja silansie. Baadaye walitaja kwa miaka.

Siku baba mkubwa alipoondoka tulimsindikiza mpaka lori linapopakia. Halafu tukarudi kuhamisha vitu vya wasichana kwenye chumba chao. Havikuwa vingi: godoro, sanduku la mama, ndoo. Nilipoinua godoro la zamani nikakuta chini yake kifurushi kimefungwa kwa kanga, mafundo matatu, moja juu ya jingine. Nilidhani ni vitu vya mama. Nikafungua. Ndani yalikuwamo magauni mawili ya kitinda mimba, hijabu yake ya madrasa, kitana, na kandambili zake nzuri zimefungwa soli kwa soli.

Nilimwita. Alisimama mlangoni, akaona nimefungua, akaangalia miguu yake.

"Hii ni ya nini?"

"Ya Rumonge," alisema.

Alikuwa amekifunga kifurushi kile tangu arobaini. Nilidhani siku ile alikuwa amelala mapajani mwangu. Alisikia kila neno, akafunga vitu vyake peke yake, kisha akaenda kukanyaga matope pamoja nasi, akaimba, akapita na kurudi kwenye tundu la ukuta, na usiku alilala juu ya safari yake bila kumwambia mtu. Hakuna kati yetu aliyemwambia kwamba hataondoka. Tulidhani anajua, kwa kuwa sisi tulijua.

Nilichuchumaa. "Hauendi Rumonge. Baba mukubwa ameenda peke yake. We unabaki hapa, kwa chumba yenu."

"Mupaka lini?"

"Mupaka uolewe. Au mupaka utuchoke."

Alifikiri. Kisha akalichukua gauni la kwanza kutoka kwenye kanga, akalikung'uta, akaingia nalo chumbani. Nikamsikia anazunguka, anagusa ukuta huku na huku. Akatoka na gauni bado mkononi.

"Kaka, nitundike wapi? Hakuna musumari."

Nikaenda kutafuta nyundo.